Saratani hupita kwa viunzi: Kwa nini dawa ya jirani huenda isikufae

RUMONGE, Burundi. Kila asubuhi kwenye mwambao wa Rumonge, bidoni za mawese hushuka kutoka mashamba ya michikichi, na magunia ya ndagala hupakiwa kwenye magari ya Bujumbura. Boti za mbao huvusha mali hadi Kigoma, Tanzania, na hadi Baraka na Kalemie upande wa Kongo. Mali hii hujulikana kwa macho na kwa pua. Mnunuzi hufungua bidoni, akanusa, akaonja, akajua alichouziwa. Ugonjwa haujulikani hivyo.

Wafikirie wanawake wawili wa soko moja, mmoja muuza mawese na mwingine muuza samaki. Wote wawili wana uvimbe kwenye titi, na wote wameambiwa ni saratani. Mmoja anaandikiwa dawa iitwayo trastuzumab, ya gharama kubwa, inayotolewa kwa dripu kwa muda wa mwaka mzima. Mwenzake haandikiwi. Huyu wa pili huanza kudhani amebaguliwa, au kwamba hospitali imempima mfuko badala ya kumpima ugonjwa. Ndugu humshauri auze boti au kiwanja, akainunue dawa hiyo mwenyewe ng'ambo ya mpaka. Hapo mtaji wa miaka kumi huweza kuteketea kwa dawa ambayo haiwezi kumsaidia hata kidogo.

Sababu ya tofauti hiyo haionekani kwa macho wala kwa kupapasa uvimbe. Imo juu ya ukuta wa seli za uvimbe na ndani yake, mahali ambapo protini hupokea agizo la kukua na kulipitisha kutoka mkono hadi mkono. Katika miaka 30 iliyopita watafiti wamejifunza kwamba agizo hilo halitegemei tu anayelipokea mlangoni. Linategemea pia protini zinazowakusanya wapitishaji mahali pamoja. Kwa Kiswahili zinaweza kuitwa protini za kiunzi, kwa mfano wa miti ambayo fundi huifunga kando ya ukuta ili yeye na wenzake wasimame karibu na kazi.

Muhuri baada ya muhuri

Seli ya mwili haigawanyiki kwa kujiamulia. Husubiri agizo kutoka nje, na agizo hilo hubebwa na protini ndogo ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kimoja cha kwanza kujulikana vizuri ni EGF. Mwanasayansi wa Marekani, Stanley Cohen, alikipata katika tezi za mate za panya baada ya kuona kwamba vitoto vya panya vilivyodungwa umajimaji wa tezi hizo vilifumbua macho mapema kuliko kawaida. Mwaka 1986 Cohen na Rita Levi-Montalcini wa Italia walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa vichocheo vya ukuaji.

Kichocheo hakiingii ndani ya seli. Hufika ukutani na kushikamana na kipokezi, yaani protini iliyopenya ukuta huo, kichwa kikiwa nje na mkia ukiwa ndani. Vipokezi viwili vilivyopata agizo husogeleana na kusimama jozi. Kisha kila kimoja hubandika fosfeti kwenye mkia wa mwenzake. Fosfeti ni chembe ndogo tu, lakini ndani ya seli hufanya kazi ya muhuri wa forodha: protini iliyogongwa huamka na kuruhusiwa kuendelea, na isiyogongwa hubaki imelala.

Kuanzia hapo agizo hufuata mlolongo. Mkia wa kipokezi uliogongwa huvuta wasaidizi ambao humwamsha Ras, protini iliyo chini ya ukuta wa seli inayofanya kazi kama swichi. Ras humwamsha RAF. RAF humgongea muhuri MEK, na MEK humgongea ERK. ERK ndiye anayeingia kwenye kiini cha seli, zilipo kumbukumbu za vinasaba, na kuwasha kazi ya kukua na kugawanyika. Yote haya huweza kukamilika kwa dakika chache. Agizo likiisha, wapo wafutaji wa mihuri ambao huiondoa, na seli hutulia.

Maafisa chini ya paa moja

Kwa muda mrefu mlolongo huo ulichorwa vitabuni kana kwamba RAF, MEK na ERK huelea ndani ya seli na kukutana kwa bahati. Lakini ndani ya seli kumesongamana kuliko soko la Rumonge siku yenye watu. Maelfu ya protini za aina mbalimbali hugongana, na nyingine nyingi nazo hugonga mihuri. Ikiwa kila moja ingetangatanga, maagizo yangechelewa au yangeangukia mikono isiyohusika.

Msafirishaji wa Burundi anaijua shida hii. Zamani lori lililopita Kobero na Kabanga, kati ya Burundi na Tanzania, lilisimama pande zote mbili, na dereva alizunguka na makaratasi kutoka dirisha hadi dirisha. Kituo cha pamoja cha mpakani kiliwaweka maafisa wa nchi hizo mbili chini ya paa moja. Sheria za ushuru hazikubadilika, wala maafisa hawakuongezwa nguvu. Kilichobadilika ni kwamba anayegonga muhuri wa kwanza na anayegonga wa mwisho wako karibu, na karatasi haipotei njiani.

Protini ya kiunzi ni kituo cha namna hiyo. Nyingi zenyewe hazigongi muhuri, au hugonga kidogo sana. Kazi yake ni kuwa na vishikizo: hapa anashikwa RAF, hapa MEK, hapa ERK. Wakisimama bega kwa bega, agizo hupita haraka na kwa mpangilio, na huwa vigumu kwa muhuri kumwangukia asiyehusika.

Kiunzi cha kwanza cha aina hii kueleweka vizuri kilipatikana katika hamira, ileile ya kuumulia maandazi. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba protini ya hamira iitwayo Ste5 huwashika pamoja wagonga muhuri watatu wa mlolongo mmoja. Mwaka uliofuata, makundi tofauti ya watafiti waliokuwa wakichunguza nzi wa matunda na minyoo midogo ya udongoni yakafika kwenye protini nyingine, KSR. Walikuwa na viumbe ambavyo Ras yao ilikuwa imekwama ikiwaka, wakatafuta hitilafu ya pili ambayo ingetuliza vurugu hiyo. Waliikuta kwenye KSR. Pale KSR ilipoharibika, Ras ilikuwa bado inawaka, lakini kelele zake hazikufika mbali. Baadaye ilibainika kwamba KSR ndiyo inayowakusanya RAF, MEK na ERK katika wanyama, akiwemo binadamu.

Vikizidi, kazi husimama

Mtu angefikiri kwamba viunzi vikiongezeka, agizo la ukuaji nalo huongezeka. Sivyo. Hapa biolojia ina hesabu ambayo mfanyabiashara wa mpakani huielewa haraka.

Tuseme kituo cha pamoja kina afisa mmoja wa forodha, mmoja wa uhamiaji na mmoja wa ubora wa bidhaa. Jengo likiwa moja, watatu hao hukaa pamoja na lori hupita. Majengo yakiwa kumi huku maafisa ni walewale watatu, afisa wa forodha ataketi jengo la kwanza, wa uhamiaji la nne, na wa ubora la tisa. Kila jengo lina mtu na hakuna jengo lililokamilika. Lori halitoki.

Mwaka 2000 hesabu za kompyuta zilionyesha kwamba protini za kiunzi zinapaswa kufanya hivyohivyo: zikiwa chache mno agizo hudhoofika, zikiwa kwa kiasi hupita vizuri, na zikizidi mno hudhoofika tena kwa sababu wapitishaji wametawanyika. Majaribio yaliyofanywa kwenye seli kwa kuongeza KSR kidogokidogo yaliona jambo hilo. Ilipoongezwa hadi kiasi fulani agizo lilipanda, na ilipopitisha kiasi hicho agizo likashuka.

Maana yake ni kwamba hatari ya uvimbe haisomwi kwa kuhesabu protini moja tu. Kinachohesabika ni uwiano kati ya kipokezi, wagonga muhuri na viunzi. Ndiyo maana uvimbe mbili zinazofanana kwa ukubwa, na zilizo kwa wanawake wa umri mmoja, zinaweza kuwa na mwenendo tofauti kabisa.

Saratani inapoteka mlolongo

Saratani huuteka mlolongo huu kwa njia kadhaa, na mbili zinatosha kuonyesha.

Ya kwanza ni kujaza milango. Kipokezi kiitwacho HER2 ni ndugu wa kipokezi cha EGF. Kina tabia ya pekee: hakijulikani kuwa na kichocheo chake, na umbo lake huwa tayari wakati wote kuungana na mwenzake. Seli ya kawaida ya titi ina HER2 kwa kiasi, na hilo halina madhara. Lakini katika takriban saratani 15 hadi 20 kati ya kila 100 za titi, vinasaba vya HER2 hujirudia mara nyingi, na ukuta wa seli hujaa vipokezi hivyo kupita kiasi. Vikisongamana hivyo, huungana vyenyewe kwa vyenyewe bila agizo lolote kutoka nje. Kengele hulia ingawa hakuna aliyebisha.

Njia ya pili ni kukwamisha swichi. Takriban saratani moja kati ya tano duniani ina Ras iliyoharibika ambayo haizimiki. Hapa mlango unaweza kuwa umefungwa kabisa, na agizo likaendelea kutoka ndani.

Katika njia zote mbili, agizo la uongo bado linahitaji kupita. Bado linahitaji paa la kukutania maafisa. Panya waliozaliwa maabara bila KSR walikua karibu kama kawaida, lakini walipowekewa Ras iliyokwama ya kusababisha uvimbe wa ngozi, uvimbe ulipungua sana kulinganisha na wenzao. Mwili uliweza kuishi bila kiunzi hicho kuliko uvimbe ulivyoweza. Hiyo ndiyo sababu watafiti wanaviangalia viunzi kwa matumaini: huenda uvimbe unavitegemea zaidi kuliko seli zenye afya.

Kiunzi kingine kinachowahusu moja kwa moja wanawake wenye saratani ya titi ni IQGAP1. Mwaka 2011 watafiti waliripoti kwamba protini hiyo hushikamana na HER2. Seli za maabara zilizokuwa zimezoea trastuzumab na kuacha kuisikia zilikuwa na IQGAP1 nyingi, na walipoipunguza, dawa ilianza tena kufanya kazi. Hayo ni matokeo ya vyombo vya maabara, na bado hayajawa kipimo cha hospitali. Lakini yanaeleza kwa nini dawa moja, kwa saratani yenye kipokezi kilekile, huweza kumsaidia mgonjwa huyu kwa miaka na kumwacha mwingine baada ya miezi.

Njia za panya

Trastuzumab hufanya kazi mlangoni. Hukishika kichwa cha HER2 kilicho nje ya seli, hupunguza agizo, na huwaita askari wa kinga ya mwili waishambulie seli hiyo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka katika orodha ya dawa muhimu, na Desemba 2019 likaithibitisha kwa mara ya kwanza dawa inayofanana nayo kutoka kwa mtengenezaji mwingine, hatua iliyofungua njia ya ushindani wa bei.

Kwa saratani iliyojaza HER2, dawa hii imebadili maisha ya wengi. Kwa saratani isiyo na HER2 nyingi, haina cha kushika. Ni sawa na kuweka kizuizi kwenye barabara ambayo wenye magendo hawaitumii. Mwanamke wa pili wa soko lile, asiyeandikiwa trastuzumab, hakubaguliwa. Huenda saratani yake inaendeshwa na homoni ya estrojeni, na dawa yake ni vidonge vya bei nafuu zaidi kama tamoksifeni. Au huenda haina kipokezi chochote kati ya hivyo, na tiba yake ikawa dawa za kuua seli zinazogawanyika haraka.

Hata pale dawa inaposhika, saratani hutafuta njia za panya. Lango la HER2 likizibwa, ndugu yake HER3 huweza kubeba agizo kwa mlolongo mwingine. Wagonga muhuri huweza kubadilika. Viunzi huweza kuongezeka au kupungua hadi uwiano ukaipendelea tena saratani. Ndiyo sababu madaktari huunganisha dawa mbili au tatu, na ndiyo sababu uvimbe uliorudi mara nyingi hupimwa upya badala ya kudhaniwa kuwa ni uleule wa mwanzo.

Dawa za kulenga viunzi kwa makusudi bado zinatafutwa. Lakini kuna tukio linaloonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Trametinib, dawa ya kuzuia MEK, iliidhinishwa mwaka 2013 kwa aina fulani ya saratani ya ngozi. Ilikuwa tayari inatumika kwa miaka pale watafiti wa New York walipopiga picha za kina za umbo lake mwaka 2020. Waligundua kwamba hukaa pale MEK inapokutana na KSR, na kuwagusa wote wawili. Dawa iliyokuwa ikiuzwa kama kizuizi cha afisa mmoja ilikuwa imejichomeka kati ya afisa na jengo lake.

Kipimo kabla ya dawa

Kwa mgonjwa wa mwambao wa Tanganyika, elimu hii yote hushuka hadi kwenye kipande cha nyama kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele. Daktari hukitoa kwenye uvimbe kwa sindano nene. Kipande hicho ndicho kitakachosema kama HER2 imejaa au haijajaa, na kama kuna vipokezi vya estrojeni na projesteroni.

Kipande hicho huharibika kama ndagala zisizopata jua. Kinatakiwa kuzamishwa katika formalini ndani ya saa moja baada ya kutolewa, na kukaa humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Kikicheleweshwa kwenye joto la ziwani, vipokezi huanza kuharibika, na jibu linaweza kutoka "hakuna" wakati vilikuwapo. Mgonjwa hapo hunyimwa dawa inayomfaa kwa kosa la chupa. Anayepewa kipande akipeleke mwenyewe Bujumbura, umbali wa kilomita 70 na kitu kutoka Rumonge, ana haki ya kuuliza kimewekwa kwenye nini, saa ngapi, na kinatakiwa kufika lini.

Maabara hukigandisha kipande katika kibonge cha nta, hukata tabaka nyembamba mno, na kuzipaka rangi inayoshika HER2. Jibu huandikwa kwa alama. Sifuri au 1+ huhesabiwa kuwa HER2 haijajaa. Alama ya 3+ maana yake imejaa. Alama ya 2+ haijakata shauri, na huhitaji kipimo cha pili kinachohesabu vinasaba vyenyewe. Kumnunulia trastuzumab mgonjwa mwenye 2+ kabla ya kipimo hicho ni kulipia mzigo kabla ya kuufungua.

Kibonge cha nta ndicho mali ya thamani kuliko vyote katika safari ya mgonjwa. Hakiozi, hakihitaji barafu, na kinaweza kuvuka mipaka mitatu na kupimwa tena miaka baadaye. Mgonjwa anayehamia hospitali nyingine huweza kuomba kibonge chake au sehemu yake, pamoja na ripoti iliyoandikwa. Wengi huondoka na picha za simu na maneno ya kukumbuka tu, na hospitali ya pili hulazimika kuanza upya kwa sindano mpya, gharama mpya na wiki nyingine za kusubiri.

Safari kumi na nane

Trastuzumab haiuzwi kama dawa ya malaria. Hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za baridi, hutolewa hospitalini, na moyo wa mgonjwa hupimwa kabla ya kuanza na kila baada ya muda, kwa sababu dawa hii huweza kuudhoofisha. Chupa iliyosafirishwa ndani ya begi kwenye boti mchana kutwa, au iliyonunuliwa kwa mtu asiye na friji wala risiti, haina uhakika wowote.

Kwa saratani iliyogunduliwa mapema, kawaida hutolewa kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mmoja. Hizo ni safari 17 au 18. Mfanyabiashara anajua kupiga hesabu ya safari moja. Hesabu ya safari kumi na nane ni nyingine kabisa. Ina nauli, malazi, msindikizaji, na siku ambazo meza ya sokoni itakaa bila mwenyewe.

Ina pia suala la njia. Kaskazini, Rwanda ina kituo cha saratani cha Butaro, wilaya ya Burera, kilichofunguliwa mwaka 2012, na tiba ya mionzi ilianza katika Hospitali ya Jeshi jijini Kigali mwaka 2019. Lakini Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na mgonjwa aliye katikati ya ratiba ya wiki tatu tatu hawezi kusubiri siasa zitulie. Mashariki, njia ya Nyanza-Lac, Mabanda na Manyovu humfikisha Kigoma, na kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli hadi Dar es Salaam, ilipo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mbali zaidi ni Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967, katika mji ambao daktari Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake hadi leo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, iligawana kazi za vituo vya ubingwa. Uganda ilipewa saratani, Kenya figo, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, na Burundi lishe. Mpango huo una mantiki ileile ya kiunzi: wataalamu na mashine wakusanywe mahali pamoja, kwa sababu nchi kadhaa zenye nusu mashine kila moja ni majengo kumi yenye maafisa watatu. Lakini una udhaifu wake pia. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya kobalti jijini Kampala ilipoharibika, wagonjwa wa Uganda walikwama, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu 400 bila malipo. Mashine mpya ilizinduliwa Kampala mwaka 2018. Kituo cha pamoja humfaa yule tu anayeweza kukifikia, na kinapofikiwa lazima kiwe kinafanya kazi.

Kwa muuza mawese wa Rumonge anayetafuta tiba nje, swali la kwanza basi si mji upi una hospitali kubwa zaidi. Ni mji upi anaoweza kuufikia mara kumi na nane. Dozi iliyorukwa huipa saratani muda wa kupanga upya wapitishaji wake.

Uvimbe usiouma ndio unaochelewesha wengi, kwa kuwa mtu huendelea kubeba mizigo hadi uanze kuchubuka. Mwanamke anayeugusa leo na kufika hospitali wiki hii ana nafasi ya kuondolewa uvimbe wote. Anayesubiri msimu wa mawese upite huenda akafika wakati seli zimekwisha kusambaa kwenye mifupa au maini, na hapo dawa huongeza muda tu.

Vitu vya kubeba ni vichache na vyepesi: ripoti ya maabara yenye majibu ya estrojeni, projesteroni na HER2 kwa alama zake, kibonge cha nta au maelezo ya mahali kilipo, orodha ya dawa zilizokwisha kutolewa na tarehe zake, kipimo cha mwisho cha moyo, na tarehe ya dozi inayofuata. Vyote huenea katika bahasha moja isiyoingia maji.